Beringi zilikufa, ugonjwa ukawa kwenye puli: kisa cha mashine ya kusaga iliyohamia kwenye umeme

Malalamiko yalikuwa mafupi: mashine inatetemeka mpaka bati za banda zinalia, na beringi za shafti hazimalizi msimu. Mwenye mashine, mama wa makamo anayesagia wateja wa vijiji viwili mkoani Morogoro, alikuwa ameshaelezwa sababu, naye ameshaiamini. Kabla sijatua mkoba akanipokea nayo: "Fundi, umeme hauna nguvu kama dizeli. Tangu nitoe dizeli sijapumzika."

Kauli hiyo naisikia kila nguzo zinapofika kijiji kipya, na sipendi kuibeza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Matatizo yake yalianza kweli siku dizeli ilipoondoka. Ila kuondoka kwa dizeli kuliondoa kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye orodha ya vifaa vya kununua, nacho ni kasi.

Mashine yenyewe ni ya nyundo, ile ya kawaida ya dona na sembe. Ukiifungua, kinachozunguka ni shafti moja tu, imelala juu ya beringi mbili. Katikati ya shafti kuna sahani za chuma zilizoshikwa na pini nne, na kila pini inaning'iniza nyundo sita za bapa, jumla 24. Shafti ikizunguka nyundo zinanyooka zenyewe na kupiga punje mpaka zipite kwenye matundu ya chekeche. Upande mmoja wa shafti hiyohiyo kuna feni inayovuta unga kutoka chini ya chekeche na kuurusha juu kwenye saikloni, unakotengana na hewa na kushuka kwenye kiroba. Upande wa pili kuna puli, yaani gurudumu la mkanda, yenye mifereji mitatu ya mikanda ya V. Basi, mwendo wote unaingilia kwenye puli hiyo. Ikikosewa hapo, nyundo na feni na beringi zote zitakula hasara, kila moja kwa namna yake.

Dizeli ya zamani ilikuwa ya silinda moja, imeandikwa mizunguko 2,200 kwa dakika. Puli yake ilikuwa ya inchi 8, ya kinu (mashine ya kusaga yenyewe) inchi 6. Mota iliyowekwa mahali pake ni ya kilowati 15, ya njia tatu, na kibao chake kinasoma mizunguko 1,450. Fundi aliyeifunga alienda karakana akachongesha puli ya inchi 8, kipimo kilekile cha dizeli, ili mikanda ya zamani itumike na kitako kisibomolewe. Kwa macho ni kazi safi.

Hesabu yake inatosha kwenye kiganja. Mkanda mmoja hauwezi kukimbia kasi mbili, kwa hiyo mizunguko ya puli ya kwanza ukiizidisha kwa kipenyo chake lazima ilingane na mizunguko ya puli ya pili mara kipenyo chake. Dizeli ilikuwa inatoa 2,200 × 8 ÷ 6, yaani 2,933 kwenye kinu. Mota inatoa 1,450 × 8 ÷ 6, yaani 1,933. Kinu kilipoteza mizunguko 1,000 kwa dakika tangu siku ya kwanza. Nilipoweka takometa, kipima mizunguko, kwenye shafti, mashine ikiwa na mzigo, ilisoma chini kidogo ya 1,900, na hapo harufu ya mpira ilikuwa inaeleza kwa nini haifiki hata hiyo 1,933: mikanda ilikuwa inateleza.

Kwa nini mota haikimbii kama dizeli? Umeme wetu una herzi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mota yenye nguzo nne za sumaku inafuata uga unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, hubaki nyuma kidogo, ndiyo maana ya 1,450. Huna pa kuongezea resi. Na hili watu wa mashine huwa wanalisahau: msagishaji wa dizeli alikuwa na mkono kwenye resi. Mahindi yakija na unyevu, anaongeza. Mzigo ukipungua, gavana (kidhibiti kasi cha injini) inapunguza mafuta. Mota imefungwa kwenye herzi zake, na pa kurekebishia kasi pamebaki kwenye puli tu, labda uwe na pesa za kifaa cha kubadili herzi, ambacho kwa mashine ya kijijini sikipendekezi.

Kuna na suala la gurudumu zito la dizeli. Injini ya silinda moja ya mapigo manne inalipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Nafasi iliyobaki inabebwa na uzito wa gurudumu linalozunguka. Konzi kubwa ya mahindi ikianguka ghafla kinuni, gurudumu linaisukuma kabla injini haijajua. Mteja anayesikiliza mlio anasema dizeli "inabeba." Mota haina gurudumu la namna hiyo, lakini haina mapengo ya mlipuko pia, na ikielemewa kwa muda mfupi inaweza kutoa kani ya kuzungusha karibu mara mbili ya ile iliyoandikiwa. Kwa hiyo nguvu haikuwa tatizo.

Kasi ikipungua kwa theluthi

Kutoka ncha ya nyundo hadi ncha ya nyundo ya upande wa pili nilipata sentimita 50. Mzunguko mmoja ni mita 1.57. Enzi za dizeli ncha ilikuwa inakimbia kama mita 77 kwa sekunde. Kwa mota ilishuka hadi 50 na kitu. Ukiitazama hivyo unaona theluthi tu imepotea, na theluthi inavumilika. Lakini nishati ya pigo inakwenda na mraba wa kasi. Theluthi ya kasi ikitoka, pigo linabaki na asilimia 43 ya nguvu yake ya awali. Punje iliyokuwa inapasuka kwa pigo moja sasa inahitaji mawili au matatu, na muda huo wote imo ndani ya kinu, inasuguana, inapata moto.

Feni nayo iko kwenye shafti hiyohiyo. Hewa inayosukumwa na feni hupungua sambamba na kasi, ila mvuto wake hupungua kwa mraba, kama pigo la nyundo. Kwa hiyo unga uliosagika ulikuwa hauvutwi vizuri kupita chekeche. Matundu yanaziba, kinu kinajaa, mota inaanza kunguruma. Wateja wakaanza kulalamika kwamba unga unatoka na joto na kwamba foleni haiendi.

Dawa ya kwanza ikawa kubadili chekeche, kuweka ya matundu makubwa. Foleni ikaenda, lakini unga ukawa na chenga, na mteja wa dona hakusamehe. Chekeche ya zamani ikarudi.

Dawa ya pili ndiyo iliyofungua mlango wa beringi. Mikanda ilikuwa inateleza, fundi akaikaza. Ikateleza tena, akakaza zaidi. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu huwa halijawakaa: kwa nguvu zilezile, mkanda unaokwenda taratibu lazima uvute zaidi. Nguvu ni kani mara kasi. Puli ya inchi 8 ikizungushwa na dizeli, mkanda ulikuwa unakimbia mita 23 kwa sekunde, na kusafirisha kilowati 15 kulihitaji mvuto wa nyutoni 640 hivi, kama uzito wa kilo 65. Puli hiyohiyo kwenye mota inaupa mkanda mita 15 kwa sekunde, na mvuto unaohitajika unapanda hadi nyutoni 970, karibu kilo 100. Mikanda mitatu ileile, iliyokwisha kuchoka, ikabebeshwa nusu ya mzigo zaidi. Ingeachaje kuteleza?

Tena mkanda wa V haushiki kwa tumbo, unashika kwa mbavu. Umbo lake ni kabari: unavyovutwa unazama kwenye mfereji na kubana kuta za pande mbili. Kurunzi ilionyesha kwamba sakafu ya mifereji ya puli ya kinu inang'aa kama sahani mpya. Sakafu hiyo haitakiwi kuguswa kabisa. Iking'aa, maana yake kuta zimelika, mkanda umeshuka mpaka chini na umeacha kubana. Puli ya hivyo hata ukiifunga mkanda mpya na kuukaza kwa nondo, utateleza.

Dawa ya tatu ilikuwa nyundo. Fundi aliona ncha zimelika, na kweli zilikuwa zimelika. Pesa haikutosha seti nzima, akanunua sita na kuzipanga zote kwenye pini moja. Mtetemo ukaanza siku hiyohiyo.

Beringi zilizokuwa kwenye kopo

Mama alikuwa amehifadhi beringi zilizokufa kwenye kopo la maziwa ya unga, akitegemea kumwonyesha muuza duka kwamba anauziwa bandia. Nilimshukuru sana, maana beringi iliyokufa ni shahidi bora kuliko maelezo ya mtu yeyote. Zilikuwa za namba 6309, zenye tundu la milimita 45 (tarakimu mbili za mwisho unazidisha kwa tano). Nilizipasua kwa grainda, moja ya upande wa puli na moja ya upande wa feni, nikafuta grisi.

Ile ya upande wa puli ilikuwa na doa kwenye pete ya nje, sehemu moja tu, chuma kimebanduka magamba, na doa liko upande unaoelekea mota. Pete yake ya ndani ilikuwa imechakaa mduara mzima. Hiyo ni alama ya kani isiyohama: inavuta kuelekea upande mmoja saa zote, shafti inazunguka ndani yake. Kwenye mashine hii kani ya namna hiyo ni moja tu, mikanda iliyokazwa kupita kiasi.

Ile ya upande wa feni ilisema kinyume. Pete ya nje ilikuwa na mstari wa kuchakaa kuzunguka mduara wote, na pete ya ndani ndiyo iliyokuwa na doa. Hapo kani ilikuwa inazunguka pamoja na shafti, ikiigonga pete ya nje kila mahali huku ikitokea sehemu ileile ya pete ya ndani. Kani inayozunguka na shafti maana yake uzito haujalingana kwenye shafti.

Beringi mbili za mashine moja, kila moja imeuawa kwa namna yake. Muuza duka hakuwa na kosa, na nilimwambia mama hivyo ingawa hakufurahi sana kupoteza mtuhumiwa.

Tulizipima nyundo kwa mizani ya kidijitali ya duka la jirani. Kila nyundo mpya iliizidi ya zamani kwa gramu 40 hivi. Mara sita ni gramu 240, zote upande mmoja, sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Gramu 240 haifiki hata robo kilo, hakuna anayeuogopa uzito huo. Lakini kani ya kitu kinachozungushwa ni uzani mara nusukipenyo mara mraba wa kasi ya mzunguko. Kwa mizunguko 1,933 zile gramu 240 zinavuta kwa nyutoni zipatazo 1,970, yaani kama mtu ametundika kilo 200 kwenye shafti na kuzizungusha mara 32 kila sekunde. Bati kulia lilikuwa jambo dogo.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoamua tutaanza na nini. Mtu akishagundua kwamba kasi ni ndogo, mkono unamwasha aende kununua puli kubwa mara moja. Angefanya hivyo hapa, kinu kikarudi kwenye 2,900, kilo 200 zingegeuka 450. Kitako kingepasuka, au pini ya nyundo ingekatika na nyundo kuruka humo ndani. Kwa hiyo uzito ulisawazishwa kwanza, na puli ikafuata.

Seti mpya ya nyundo 24 ndiyo iliyokuwa sahihi, na mama alikubali baada ya kuona mizani. Hata mpya hazilingani. Za kukatwa mtaani hutofautiana gramu kadhaa. Tulizipima zote, tukaziandika uzito kwa chaki, tukazipanga kwa jozi: nyundo mbili zinazokaribiana uzito zinakaa kwenye pini zinazotazamana, nafasi ileile. Tulijumlisha kila pini kabla ya kufunga. Tofauti ya pini zinazotazamana ilibaki gramu 3. Ni kazi ya kuchosha na haina fahari yoyote, ila ndiyo iliyonyamazisha bati. Nyundo za bapa zina kona nne za kutumia. Mama ameambiwa kwamba siku ya kuzigeuza zinageuzwa zote, na pini haziingiliani.

Kisha puli. Mota kwa 1,450, kinu kwa inchi 6, tukitaka kurudi karibu na 2,933 ambayo kinu kilikuwa kimeizoea kwa miaka: inchi 12 kwenye mota inatoa 2,900 kamili. Puli ya kinu pia ilibadilishwa, kwa sababu ya ile mifereji inayong'aa. Faida ya inchi 12 ni mbili kwa pesa moja: kinu kinapata kasi, na mkanda unarudi kwenye mita 23 kwa sekunde, hivyo mvuto unashuka tena hadi kama kilo 65. Mikanda haihitaji tena kukazwa kwa hasira.

Puli moja ikiwa kubwa mara mbili ya nyingine, mkanda unapunguza kuikumbatia ile ndogo. Ndiyo maana hatukuisogeza mota karibu. Tuliiweka umbali wa inchi 28 kati ya shafti na shafti, na mkanda unakumbatia puli ndogo kwa nyuzi 168 kati ya 180, haujambo. Urefu wa mkanda kwa vipimo hivyo unatoka inchi 84 na nusu. Namba za dukani ni za urefu wa ndani, kwa hiyo tulichukua mikanda ya B82 (82 ni inchi za urefu huo wa ndani), mitatu ya pakiti moja, na kumalizia kwenye reli za mota. Mitatu ya pakiti moja nasisitiza. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya ndio unaobeba na wenzake wanasindikiza.

Wakati tumebomoa kitako nilirekebisha na jambo lililokuwa linanikera tangu nafika. Puli ya kinu ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho wa shafti, sentimita 20 nje ya beringi, eti spana iingie kirahisi. Shafti hapo ni wenzo, na beringi ya karibu ndiyo egemeo. Beringi zikiwa sentimita 60 moja kutoka nyingine, kila kilo 300 za mikanda zinaipa beringi ya karibu kilo 400, na ile ya mbali inanyanyuliwa upande wa pili kwa kilo 100. Kuirudisha puli hadi sentimita 8 kunashusha ya karibu hadi 340 na ya mbali hadi 40. Haikugharimu kitu isipokuwa kuchimba upya matundu manne ya bolti.

Kulinganisha puli tulitumia uzi. Unavutwa kupita nyuso za puli zote mbili, na unapaswa kugusa sehemu nne: kingo mbili za kubwa, kingo mbili za ndogo. Uzi ukiacha mwanga mahali, bado. Beringi mpya tulizijaza grisi kama theluthi ya nafasi. Kuishindilia mpaka itoke puani kunaipasha moto bure.

Tulipowasha, takometa ilisoma 2,880 kukiwa na mzigo. Unga ulipanda saikloni bila kusuasua, na kwenye nyumba ya beringi mkono ulikaa bila kuungua. Amita ilionyesha mota inakula umeme mwingi kidogo kuliko mwanzo ikiwa tupu, jambo la kawaida, feni sasa inafanya kazi yake yote. Msagishaji kijana alifungua kidirisha cha hopa kwa mazoea yake ya siku za kuzibaziba, kidogo kidogo, mpaka mama alipomwambia, "Mwanangu, mwaga, haizibi tena."

Mambo mawili yalibaki. La kwanza ni stata, kifaa cha kuwashia mota. Uwiano wa puli ukitoka 1.33 kwenda 2, uzito wa kinu kama mota inavyouhisi wakati wa kuanza unaongezeka mara 2.25, kwa hiyo kinachukua muda zaidi kushika kasi. Stata ya nyota-delta iliyokuwepo, ile inayoanza mota kwa umeme mdogo kisha kuihamishia kwenye umeme kamili, ilikuwa inabadili mapema, mota bado iko nusu ya safari, na taa za banda zinafifia. Tuliiongezea sekunde, na kijana akaelezwa kwamba mashine haiwashwi ikiwa na mahindi ndani. La pili ni kinga ya mikanda, ambayo ilikuwa imevuliwa na kuegemezwa ukutani tangu enzi za kukazakaza. Mkanda wa mita 23 kwa sekunde kwenye banda ambalo wateja wengi wamevaa khanga si wa kuachwa wazi, na kinga ya zamani haikutosha puli ya inchi 12. Mchomeleaji alichukua vipimo jioni ile. Mikanda mipya hulegea baada ya saa za mwanzo za kazi, kwa hiyo kesho yake alipokuja kuifunga kinga, mota ilivutwa kidogo kwenye reli kabla bolti za kinga hazijakazwa.